Jinsi ya kumfuatilia mbunge wako mgeni: katokea wapi, anasema nini Dodoma, na nani alilipia kampeni yake

Siku greda lilipopita mtaani kwetu grupu la WhatsApp la mtaa liliwaka mpaka saa saba usiku. Huyu anamshukuru mheshimiwa mbunge, yule katuma picha ya greda na mikono kumi ya kupiga makofi, mwingine anauliza kwani greda kanunua yeye, basi hapo ndo matusi yakaanza. Kesho yake nikapita ofisi ya serikali ya mtaa kugonga muhuri wa barua yangu nyingine kabisa, nikauliza tu kwa kupita. Nikaambiwa ile barabara ni ya TARURA, wakala wa Serikali wa barabara za vijijini na mijini, ilikuwa kwenye mpango wao wa mwaka wa fedha na iliwekwa humo kabla huyo bwana hajachukua hata fomu. Nikaandika hivyo kwenye grupu. Nikaitwa mpinzani.

Mimi siyo mwandishi wa habari wala mwanasiasa, nina kaduka ka steshenari na uchapishaji upande wa Temeke, photokopi, kadi za harusi, mabango, vitu kama hivyo. Ila kwa sababu nakaa na kompyuta na bando siku nzima, watu wananitumia maswali ya mbunge wao kama vile mimi ni karani wa Bunge. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo naandika hapa yote ninayofanya.

Shida ya mbunge wa muhula wa kwanza ni kwamba hana faili. Yule wa zamani una miaka mitano ya kumsomea mashtaka, huyu mgeni una nini? Una picha za kampeni na sauti ya msanii ikimtaja jina. Hapo katikati panajazwa na chawa wake upande mmoja na tetesi za kijiweni upande wa pili, na wewe unabaki kuchagua kelele ya kuamini. Lakini faili lipo, ni vile limetawanyika ofisi sita na tovuti nne na hakuna atakayekuunganishia.

Anza na hili dogo: ni mbunge wa aina gani, na kweli ni mgeni?

Kabla ya uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025 (yaliyotokea siku zile na intaneti kuzimwa kila mtu wa Dar ana yake ya kusimulia, siyo mada yangu leo) Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi iliongeza majimbo 8, kutoka 264 mpaka 272. Dar tulipata mawili, Kivule ikatoka Ukonga, Chamazi ikatoka Mbagala. Kwa hiyo sasa hivi jijini tuna majimbo 12: Ilala, Segerea, Ukonga, Kivule, Kinondoni, Kawe, Ubungo, Kibamba, Temeke, Mbagala, Chamazi na Kigamboni. Nayataja yote manake nimekutana na watu kibao wanaomlalamikia mbunge ambaye siyo wao. Mtu anakaa Chamazi anamtukana wa Mbagala.

Alafu jimbo jipya siyo lazima liwe na mbunge mpya, mtu anaweza kuhama na kipande chake. Na mbunge anayeitwa mgeni anaweza kuwa alishakaa mjengoni zamani akaanguka akarudi. Angalia tu namba, Bunge la 12 ni 2020 mpaka 2025, hili tulilonalo ni la 13, ukikuta jina lake kwenye Hansard (kumbukumbu rasmi za mazungumzo ya Bunge) ya la 10 au la 11 basi huyo faili analo, kasome huko kwanza.

Na kama ni wa viti maalum hesabu inabadilika. Ibara ya 66 ya Katiba inawataja wabunge wa aina mbalimbali, wa majimbo, wanawake wa viti maalum wasiopungua asilimia 30, watano kutoka Baraza la Wawakilishi, Mwanasheria Mkuu, na wasiozidi kumi wa kuteuliwa na Rais. Wa viti maalum hakuzunguka kata kuomba kura yako na hana Mfuko wa Jimbo (nitaueleza mbele), kwa hiyo ukimdai kalavati unamuonea. Mdai maneno bungeni.

Wasifu wake

Tovuti ya Bunge ina ukurasa wa kila mbunge, elimu, ajira, uzoefu wa kisiasa. Fungua, piga sikrinishoti siku hiyohiyo na uihifadhi yenye tarehe, kurasa zinabadilika. Alafu usisome kama barua ya posa, soma kama mtu anayetaka kukodisha chumba: miaka inaungana? Kuna shimo la miaka minne katikati? Kaandika "mfanyabiashara" bila kusema biashara gani?

Kwenye elimu kuna jambo watu hawalijui. Ibara ya 67 haitaki digrii. Inataka uwe raia, uwe na miaka 21, ujue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na uwe mwanachama uliyependekezwa na chama chenye usajili. Basi. Kuna mambo mengine ya kukuondolea sifa lakini cheti cha chuo hakimo. Kwa hiyo mbunge wa darasa la saba hana kosa lolote, na ninamheshimu kuliko yule anayejiita daktari alafu ukiuliza chuo gani anacheka. Huyo wa pili kadanganya kitu ambacho hata hakuombwa, sasa kile anachoombwa atakifanyaje?

Fani zenye bodi ni rahisi kuhakiki. Kasema wakili, ingia mfumo wa e-Wakili wa Mahakama uandike jina. Mhandisi ana Bodi ya Usajili wa Wahandisi, mhasibu ana NBAA, bodi ya wahasibu. Digrii ya nje ya nchi inatakiwa itambuliwe na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Kampuni zake zinatafutwa BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, ukilipia unapata majina ya wakurugenzi na wenye hisa, na hapo usiangalie jina lake tu, angalia na ubini unaofanana na wake. Kesi zinatafutwa TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu, bure kabisa, hukumu nzima unaisoma. Angalizo: majina yetu yanafanana sana. Mimi nilishawahi kumkuta "mbunge" kwenye kesi ya wizi wa ng'ombe, nikafurahi kama nimeokota almasi, kusoma mpaka mwisho kumbe mshtakiwa ni wa wilaya nyingine kabisa na umri hauendani, nusura nimchafue mtu. Usitume kitu kabla hujaona angalau vitu viwili vinavyokubaliana, umri na sehemu, au jina na kampuni.

Kama alikuwa diwani, na wengi wa Dar wanapandia ngazi hiyo, una bahati. Vikao vya baraza la madiwani vina mihtasari, na wazee wa kata wana kumbukumbu nzuri kuliko mihtasari. Waulize kitu kimoja tu, akiwa diwani aligombana na nani na kuhusu nini? Diwani ambaye hakuwahi kugombana na mtu hata siku moja, mimi huwa namwekea alama ya kuuliza.

Kuna na tamko la mali. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995 inamtaka atamke mali na madeni kwa Sekretarieti ya Maadili ndani ya siku 30 tangu ashike cheo, alafu kila mwisho wa mwaka, na tena akiondoka. Usidhani utaenda kufunua daftari kama unasoma gazeti, hapana, unatakiwa uwe umepeleka lalamiko la maana ndo uruhusiwe kukagua, na ukishakagua huruhusiwi kwenda kulitangaza. Lakini swali "mheshimiwa, tamko lako la Desemba ulipeleka?" ni halali kabisa kumuuliza mkutanoni, ni ndiyo au hapana.

Dodoma anafanya nini

Watu wengi wanamjua mbunge wao kwa klipu za sekunde arobaini anazorusha mwenyewe. Tangu TBC iache kurusha vikao moja kwa moja Januari 2016 tumezoea hivyo, ingawa siku hizi Bunge lenyewe linarusha mtandaoni. Klipu haikusaidii. Kinachosaidia ni Taarifa Rasmi, yaani Hansard, iko kwenye tovuti ya Bunge kikao kwa kikao kwa pdf. Shusha, fungua kwenye kompyuta, bonyeza Ctrl na F, andika ubini wake. Kwenye simu pia inakubali ila utaumia macho. Humo kuna na michango ya maandishi, ile ambayo hakusimama kuisema ila kaiwasilisha, kwa hiyo usiseme "hajawahi kuchangia" kabla hujatafuta mpaka ukurasa wa mwisho.

Sasa nikuoneshe nilivyofanya siku moja, hapa ndo penye utamu. Nilichukua mchango mmoja wa mbunge mmoja (simtaji, na siyo wa kwetu), nikauprinti, nikachukua kalamu za rangi mbili. Nyekundu nikapigia mstari kila sentensi ya shukrani na pongezi: Mwenyezi Mungu kanijalia afya, Rais, Makamu, Waziri Mkuu, Spika, mwenyekiti wa kikao, waziri na naibu wake na katibu mkuu na watendaji wote wa wizara, wananchi wa jimbo langu, familia yangu. Bluu nikapigia sentensi yenye kitu unachoweza kwenda kukikagua, jina la barabara, kiasi cha hela, kifungu cha sheria, jina la kituo cha afya. Kurasa mbili karibu zote nyekundu, bluu ikatokea mistari minne, alafu akamalizia kwamba anaunga mkono hoja mia kwa mia. Ile mistari minne ndo kazi yake ya siku hiyo. Siyo kwamba kushukuru ni dhambi, ni adabu yetu, ila dakika anazopewa ni chache na kengele inalia.

Fanya hivyo kwa michango yake mitano tu utamjua kuliko mke wake.

Baada ya hapo tafuta mambo yenye uzito, na uzito haulingani. Swali la msingi linajibiwa na wizara na linaingia kwenye kumbukumbu, ni zuri, lakini wengine wanauliza "ni lini Serikali itajenga..." mara kumi na tano na kujibiwa "Serikali inaendelea kutafuta fedha" mara kumi na tano. Angalia swali la nyongeza. Pale hana karatasi, pale ndo unaona kama anaelewa alichouliza au alipewa. Na Alhamisi kuna maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu, mgeni anayesimama pale na swali la maana ana kifua.

Kikubwa zaidi ni kutoa shilingi. Hii watu wa mtaani wanaisikia wanadhani ni utani. Kwenye bajeti ya wizara, Bunge likikaa kama Kamati ya Matumizi, ukifika mshahara wa waziri mbunge anaweza kusema sijaridhika na maelezo, natoa shilingi kwenye mshahara wako mpaka unieleze hili. Mara nyingi inaishia kwa kurudisha shilingi baada ya ahadi. Sawa, lakini ile ahadi imeandikwa. Mbunge wako akishika shilingi kwa ajili ya maji ya kwenu na waziri akaahidi, chukua tarehe na ukurasa, mwakani unamuuliza zote mbili, shilingi na ahadi.

Kwenye kutunga sheria zenyewe usitegemee sana muswada binafsi, ni nadra, na ibara ya 99 inawafunga wabunge kwenye mambo ya kodi na matumizi ya Serikali, hayo yanapendekezwa na upande wa Rais kupitia waziri. Tafuta jedwali la marekebisho. Muswada ukifika hatua ya Kamati ya Bunge Zima, mbunge anaweza kuwasilisha marekebisho kwa jina lake, kifungu hiki futa, pale weka hivi. Ni kazi kavu haina klipu. Mgeni mwenye hata jedwali moja kwenye mwaka wa kwanza, kakaa chini kasoma, mpe heshima yake. Angalia pia kamati aliyowekwa, wanapangwa na Spika na wanakaa humo nusu ya uhai wa Bunge. Kama yuko kwenye zile za hesabu, PAC ya Serikali Kuu, LAAC ya halmashauri au PIC ya uwekezaji wa mitaji ya umma, basi msome sambamba na ripoti ya CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ile inayokwenda kwa Rais mwishoni mwa Machi na kufika bungeni Aprili.

Na kura? Hapa nakuvunja moyo kidogo. Mambo mengi yanapitishwa kwa sauti, wanaoafiki waseme ndiyo, wasioafiki waseme siyo, kiti kinasikiliza kinaamua, jina la mtu halibaki popote. Ila bajeti kuu ya Serikali mwezi Juni inapigiwa kura kwa kuitwa jina, mmoja mmoja, na inaandikwa. Hiyo mara moja kwa mwaka ndo unaweza kusema kwa uhakika mbunge wangu alipiga hivi, au hakuwepo kabisa. Kutokuwepo nako ni kura bwana.

Kuna wanaosema mgeni hawezi kufanya kitu, ngoja kwanza azoee. Mwaka 2007 Zitto Kabwe alikuwa muhula wa kwanza, mbunge wa Kigoma Kaskazini tangu 2005, akapeleka hoja ya mkataba wa mgodi wa Buzwagi uliosainiwa London, Bunge likamsimamisha. Miezi michache baadaye Rais Kikwete akamuweka kwenye kamati ya Jaji Bomani ya kupitia mambo ya madini, na 2010 tukapata sheria mpya ya madini. Harrison Mwakyembe naye aliingia kupitia Kyela 2005 hiyohiyo, akaongoza kamati teule ya kashfa ya mkataba wa umeme wa Richmond, Februari 2008 Waziri Mkuu Lowassa akajiuzulu. Na hapa kwetu John Mnyika, Ubungo ya 2010, Februari 2013 alipeleka hoja binafsi ya maji ya Dar ikaondolewa kwa vurugu ukumbini, haikufika popote ila mpaka leo wazee wa Kimara wanaikumbuka. Kwa hiyo ugeni siyo kisingizio, na wawili kati ya hao walikuwa wa upinzani mmoja wa chama tawala, usije ukaniambia na hilo.

Hela ya nani ni ya nani

Hii ni fupi ila ndo inayochanganya watu kupita zote. Barabara za mitaa ni TARURA, kubwa ni TANROADS, maji ya Dar ni DAWASA, zahanati na madarasa ni halmashauri, na kwa majimbo ya Ilala ya zamani halmashauri yenyewe tangu 2021 inaitwa Jiji la Dar es Salaam. Mbunge anaweza kuwa alipiga kelele mpaka ikaja, hiyo ni kazi nzuri ioneshe kwenye Hansard, ila hela siyo yake.

Alafu kuna Mfuko wa Jimbo, jina lake refu ni Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, sheria ya 2009. Mbunge ndo mwenyekiti wa kamati yake, lakini hela inaingia halmashauri, ni ya Serikali, na CAG anaikagua. Ukisikia "mheshimiwa katoa mabati 100 kwa shule" uliza kwa heshima tu, ametoa mfukoni au Mfuko wa Jimbo? Nimeona bati lilelile likishukuriwa mara mbili, mara ya kwanza kama zawadi ya mbunge, mara ya pili kwenye ripoti ya mfuko. Afisa mipango wa halmashauri anayo orodha ya miradi iliyopitishwa.

Kampeni ililipiwa na nani

Hapa naongea kama mtu wa duka. Msimu wa uchaguzi sisi wachapaji ndo mavuno yetu, na yanayopita mezani kwetu hayapiti popote pengine.

Siku moja jioni akaja kijana na flashi, anataka bango la mita tatu kwa mbili na vipeperushi vingi, haraka, sura ya mgombea imeshakuwa disaini. Nikapiga hesabu nikamwambia nusu kwanza. Akapiga simu. Haikupita saa ikasimama pikapu ya kubeba saruji, akashuka mzee mmoja hata hakuangalia bango, akahesabu noti akaniambia risiti iandike jina la duka lake, na kwenye maelezo niandike "vifaa vya ujenzi". Nikamwambia mzee wangu mashine ya EFD, hii ya risiti za kodi, siyo ya mchezo, naandika uchapishaji. Akacheka, akasema andika unavyotaka. Nusu ya pili sijaiona mpaka leo. Mgombea alishinda, kijana wa flashi simu yake kila nikipiga inatumika, na yule mzee ananiambia mimi nilitoa sadaka tu mwanangu, deni kamuulize mwenye sura.

Tangu siku ile nikaelewa kwamba hela ya kampeni haiji ikiwa hela. Inakuja ikiwa pikapu, jenereta, spika, jukwaa, fulana, kanga, mafuta ya bodaboda za msafara, biriani, msanii. Na kila kimoja kina mwenyewe.

Sheria ipo. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010, inasimamiwa na Msajili wa Vyama vya Siasa. Inamtaka mgombea aseme ana kiasi gani na anatarajia kutumia kiasi gani, waziri anaweka ukomo kwenye Gazeti la Serikali kulingana na ukubwa wa jimbo na watu wake, michango ya zaidi ya milioni 1 kwa mtu au milioni 2 kwa taasisi inatakiwa kutajwa, na uchaguzi ukiisha mgombea ana siku 60 za kupeleka hesabu zake kwenye chama, chama kina siku 180 za kupeleka kwa Msajili. Ndo ilivyoandikwa 2010, ila kuna marekebisho ya 2024 kwenye sheria za vyama na uchaguzi, kwa hiyo ukienda kumbana mtu shika nakala mpya mkononi. Hesabu na wewe, 29 Oktoba ukijumlisha siku 180 unaangukia mwishoni mwa Aprili 2026.

Kabla ya hapo tulikuwa na takrima, wazee wanakumbuka. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ikaruhusu ukarimu wa jadi wakati wa kampeni, watu wakala pilau kwa nia njema ya kisheria, mpaka 2006 Mahakama Kuu ikavitupa vifungu hivyo kwenye kesi iliyofunguliwa na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na mashirika ya LEAT na NOLA. Pilau yenyewe haikuisha, ilibadilisha jina tu, sasa hivi inaitwa futari, au kisomo, au "tumekuja kumsalimia mama".

Na kama chama chake kina kura za maoni, angalia huko kabla ya kampeni yenyewe. Jimbo ambalo tiketi ya chama fulani ndo ushindi, mgombea anamaliza hela kwa wajumbe wa chama wanaopiga kura hizo, siyo kwako. Ule msemo wa wajumbe si watu uliotamba 2020 ulitoka kwa waliotoa wakaliwa. Sheria ya 2010 haianzii kwenye kampeni, inagusa na uteuzi ndani ya chama. Ukiona bahasha ni TAKUKURU, 113, bure.

Kupata picha ya gharama mwenyewe fanya hivi. Rudi kwenye picha na video za kampeni, zipo kibao, wenyewe walizirusha. Hesabu magari yenye spika, hesabu bodaboda kwenye msafara mmoja, kadiria fulana, alafu nenda kwa mchapaji kama mimi uulize bei kama mteja. Tuseme ni fulana 2,000 na moja ni 7,000, hiyo ni milioni 14 na hujagusa spika. Fanya hivyo kwa kila kundi, utapata namba ya chini, nasema ya chini, siyo namba kamili. Alafu iweke kando ya wasifu wake. Mtu aliyekuwa mtumishi wa mshahara wa kawaida na kampeni yake inasoma mamia ya milioni, huna haja ya kumwita mwizi, una haja ya kuuliza nani alimshika mkono.

Andika majina ya walioonekana, wenye maduka, wenye magari, wenye kumbi. Subiri mwaka. Tenda za Serikali siku hizi zinapita mfumo wa NeST na waliopewa wanatangazwa, tafuta majina yale ya kampuni. Ukilikuta moja, tulia. Mwenye hadwea ya halali naye ana haki ya kuomba tenda na kushinda, ulichopata ni swali. Nasisitiza kwa sababu Sheria ya Makosa ya Mitandao ya 2015 haina utani na mtu aliyerusha uongo, na "niliambiwa" haikuokoi. Weka ukurasa wa Hansard, tarehe, picha yako mwenyewe. Maoni yako yaandike kama maoni.

Mwisho ni barua, watu wanaiogopa bure. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inakuruhusu raia kuomba taarifa kwenye taasisi ya umma na wana siku 30 za kukujibu. Omba kitu kimoja kwa barua moja, usiandike "naomba taarifa zote za mbunge". Andika: naomba orodha ya miradi iliyopitishwa na kamati ya Mfuko wa Jimbo la mahali fulani kwa mwaka wa fedha fulani pamoja na kiasi cha kila mradi. Kwa mkurugenzi wa halmashauri. Ya gharama za uchaguzi inakwenda kwa Msajili. Printi nakala mbili, ya pili wagongee muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, usikubali kuambiwa "iache tu hapo mezani mama atakuja", kaa mpaka mwenye muhuri arudi kutoka chai.